Simu Ilikuwa Imejaa

Jumatano, 7 Agosti 2013

Nimerudi kambini Rubondo jioni, juu ya lori la sabuni na chumvi. Vumbi mpaka kwenye meno. Mama ameniwekea uji, sijaugusa. Nataka kuandika kwanza.

Nilikwenda Mbarara kutafuta chipu za pawa. Kikapu changu kimejaa simu za watu na nyingi zimekufa ugonjwa mmoja. Hapa kambini wengine wanachaji moja kwa moja kwenye betri ya pikipiki, umeme unaingia kwa nguvu, chipu inaungua. Kitu chenyewe hakifiki ukucha wa mtoto. Kazi yake ni kupokea umeme wa betri na kuupunguza — huu kwa ubongo wa simu, huu kwa kioo, huu kwa antena, kila fasi na kipimo chake. Ikifa, simu nzima ni jiwe. Unaibandua kwa moto wa blowa, unaweka nyingine, mtu anaongea tena na ndugu zake wa Uvira.

Sowedi hakuwa nazo. Sowedi ndiye aliyenifundisha kazi. Miaka miwili nilikaa kwenye meza yake karibu na soko, mwanamke peke yangu kati ya vijana wake, mkimbizi peke yangu. Alisema mzigo unatoka Kampala wiki ijayo, ningoje. Nikamwambia watu wangu wamechoka kungoja.

Mlango wa pili yuko Hamim. Zake zimetolewa kwenye simu zilizokufa, akaziosha kwa thina, akazipanga kwenye karatasi. Zinang'aa. Bei yake ni ya kuokota tu. Nikachukua karatasi nzima.

Sowedi aliniona nikitoka huko. Hakukasirika.

"Nyabo, pesa ni yako," alisema. "Lakini weka moja kwanza. Pima. Kaa nayo siku mbili, tatu. Kama simu inapata moto bila kazi, hiyo chipu ni mwizi. Tupa yote."

Nikasema nimesikia.

Jumamosi, 10 Agosti 2013

Mchungaji Kayumba ameniazima jenereta ya kanisa, maana blowa haiwezi kula umeme wa sola yangu. Tangu asubuhi kibanda kinanguruma.

Nilianza na moja, kama Sowedi alivyosema. Ikawaka. Watu waliokuwa dirishani wakapiga makofi — kweli, makofi. Mzee mmoja akasema huyu mtoto ana mikono ya baraka. Na jenereta ni ya leo tu, kesho inarudi kanisani kwa ajili ya vipaza sauti. Nikaweka ya pili. Nikaweka ya tatu. Kufika saa tisa karatasi ya Hamim ilikuwa tupu.

Siku mbili, tatu za kungoja hazikuwapo. Ndivyo nilivyojiambia.

Mama Kantengwa alikuwa wa kwanza kuchukua yake. Huyu ndiye mama wa afya wa zoni yetu. Mwanamke akishikwa na uchungu anaitwa yeye, na yeye anaita gari la wagonjwa. Bila simu alikuwa kama amekatwa mguu, alisema. Akanibusu mashavu yote mawili.

Muhirwa pia alikuja. Huyu Muhirwa! Mwaka niliofungua kibanda alisimama hapo barabarani akauliza kwa sauti kama mtoto mwanamke anafunga simu kwa sindano na uzi. Leo amesimama kwenye mstari kofia mkononi. Mke wake Gaju ni rafiki yangu wa kwaya, ana mimba ya kwanza baada ya miaka mingi ya kungoja, na Muhirwa hataki kwenda malishoni bila simu. Nilimrudishia yake na ya Gaju, zote zinawaka. Akasema, "Aksanti, fundi."

Fundi. Nimelirudia neno hilo njia nzima ya kurudi nyumbani.

Jumapili, 11 Agosti 2013

Mchungaji amenisimamisha mbele ya watu. Amesema Mungu hutumia hata vidole vya binti. Mama alilia. Nami nililia kidogo.

Jumatatu, 26 Agosti 2013

Kuna kitu si kizuri.

Muhirwa amekuja kuchaji leo. Juzi alichaji. Simu yake ni ile ndogo ya tochi, inapaswa kukaa karibu wiki nzima. Nilipoipokea ilikuwa na joto, kama yai lililotoka sasa hivi kwa kuku. Nikamuuliza kama alikuwa anaongea. Hapana, ilikuwa mfukoni tu.

Alipoondoka niliifungua. Nikaunganisha mita kati ya betri na simu. Simu imelala, hakuna anayeongea, hakuna taa — na mita inasema inakunywa. Inakunywa bila kukoma.

Nikachukua nyingine iliyokuwa kwenye chaji, nayo ya karatasi ya Hamim. Inakunywa. Nikachukua simu ya mama, ambayo haijaguswa na mtu. Sindano haikusogea.

Kwa hiyo najua. Chipu nzima inapunguza umeme wa betri na karibu wote unafika unakotumwa. Hizi zilishaungua nusu kwenye simu za kwanza. Zinapunguza, ndiyo, lakini kinachobaki zinakigeuza moto. Sowedi alikuwa anatuambia mezani: moto unaousikia mkononi ni chaji ya mtu inapotea.

Nitakwenda Mbarara Jumatano. Nitachukua mpya, nitawaita watu wote, nitabadilisha.

Nitawaambia nini, sijui bado.

Alhamisi, 5 Septemba 2013

Sikwenda. Jumatano ile mama alikuwa na homa. Jana hakukuwa na lori.

Hapana. Jana lori lilikuwapo. Nililiona likipita.

Nataka kuandika kweli, angalau humu ambamo hakuna anayesoma. Kibanda kimejaa watu. Waliokuwa wanachaji mara moja kwa wiki sasa wanakuja kila siku ya pili. Tangu asubuhi waya zote zina simu. Mama anahesabu chenji akiimba, anasema Mungu amefungua mlango, tutabadilisha turubai ya nyumba tuweke mabati kabla ya mvua. Simu mbaya zinanilisha. Nilizitengeneza mbaya, na sasa watu wanalipa kila siku ya pili kwa sababu nilizitengeneza mbaya.

Sikupanga hivyo. Lakini leo nilijikuta natazama mstari na moyo unafurahi.

Halafu akaja mama Kantengwa.

"Uwitonze, mutoto yangu, hii simu inazimika mbele ya saa nane. Nachaji asubuhi, kiisha mchana iko mufu. Juu ya nini?"

Nilikuwa na maneno mdomoni. Nyuma yake walikuwapo watu sita, saba, wote wananitazama. Muhirwa mmoja wao.

"Betri imezeeka, mama," nikasema.

Nikampa betri nyingine, ya kwangu, bure. Akanibariki kwa ile bure. Akasema watu wengine wangemuuzia.

Jumanne, 17 Septemba 2013

Mvua imeanza. Sola inatoa nguvu ndogo, jua linaonekana saa moja kisha wingu. Watu wananyeshewa dirishani wakingoja chaji. Wanalaumu mvua. Wanalaumu kampuni ya simu. Mmoja amelaumu mtambo wa mnara.

Mimi hakuna anayenilaumu.

Mabati yamewekwa. Usiku yanapiga kelele, sauti ni nzuri, silali.

Ijumaa, 27 Septemba 2013

Naandika yote kabla hayajachanganyika.

Leo ni siku ya soko, nusu ya watu wa Rubondo hawakuwapo. Asubuhi mapema mama Kantengwa aliniletea simu. Niliichaji ya kwanza kabla ya wote, kwa kuwa ni yeye. Aliichukua karibu na saa nne. Ilikuwa imejaa. Niliona kwa macho yangu vile vijiti vyote vimesimama. Nikamwambia, imejaa mama. Akaifunga kwenye kitenge akaenda.

Mchana mvua ikaja ya kumwaga. Nilikuwa peke yangu kibandani, nimeteremsha turubai. Nikasikia mtu anakimbia kwenye matope, na kabla sijafungua akaivuta turubai mwenyewe. Mama Kantengwa. Hana kiatu kimoja. Kitambaa cha kichwa kimeanguka.

"Nipe simu. Simu yoyote. Gaju anazaa, mutoto amekuja vibaya, mguu umetangulia."

Nikampa ya kwangu. Vidole vyake vilikuwa vimelowa, hakuweza kubonyeza, nikabonyeza mimi. Gari la wagonjwa likapatikana. Wakasema barabara ina matope, wanakuja.

Wakati anaongea alikuwa amenishikisha simu yake ili mikono iwe huru. Imezimika. Ina moto. Mvua yote ile na bado ina moto.

Alinieleza huku tukikimbia kurudi kwa Gaju. Uchungu ulianza ghafla, nyumbani hakuna mtu, Muhirwa yuko malishoni. Akatoa simu, ikawaka, ikazimika. Akajaribu simu ya Gaju — haina chaji. Akakimbia kwa jirani wa kwanza, bibi mmoja tu alikuwapo, simu yake imezimika. Kwa jirani wa pili, imezimika. Ndipo akakumbuka kibanda changu. Ni mbali na kwa Gaju, na ni mlima.

"Nimemuacha peke yake," alikuwa anasema. "Nimemuacha peke yake, Uwitonze."

Tulimkuta Gaju chini, karibu na mlango. Alikuwa amejaribu kutoka. Mtoto alikuwa nusu. Mama Kantengwa akapiga magoti, akafanya kazi yake, alifanya yote, nilishuhudia. Nilimshika Gaju kichwa. Mvulana. Hakulia. Mama Kantengwa akampulizia mdomoni muda mrefu sana, mpaka nikamwambia inatosha.

Gari lilifika. Wakampeleka Gaju Mbarara akivuja damu. Mama Kantengwa akapanda naye, na kiatu kimoja.

Simu yake bado iko kwangu. Iko hapa mezani.

Jumamosi, 28 Septemba 2013

Tumemzika mtoto. Muhirwa alichimba mwenyewe, hakutaka msaada. Gaju yuko hai.

Jumatatu, 30 Septemba 2013

Wameniita wazee.

Ilikuwa kanisani, baada ya maombi ya asubuhi. Mchungaji Kayumba, wazee wanne, mwenyekiti wa zoni. Muhirwa amekaa benchi la nyuma, anatazama viatu vyake. Mama Kantengwa amesimama mbele. Watu wanasema mengi tangu Ijumaa: eti alikuwa anasikiliza redio kwenye simu ndiyo maana ikaisha, eti hakuchaji, eti alimkimbia mgonjwa kwa woga. Mwenyekiti anataka kumtoa kwenye kazi ya afya.

Mama Kantengwa alisema kwa sauti ndogo kwamba alichaji. Alichaji Ijumaa asubuhi kwa Uwitonze. Muulizeni.

Mchungaji akanigeukia. Alinitazama kwa upole, kama ile Jumapili ya vidole vya binti.

"Uwitonze, mwanangu, ni kweli alichaji kwako Ijumaa?"

Neno moja tu. Ndiyo. Lakini nililiona swali lililo nyuma yake. Kama alichaji na ikajaa, mbona ilizimika mchana? Nani aliitengeneza? Na ya Gaju nani aliitengeneza? Na za majirani?

Nikasema, "Sikumbuki vizuri, mchungaji. Siku ya soko watu ni wengi."

Mama Kantengwa aligeuza kichwa. Hakunikasirikia. Alinitazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mbali, hajui kama ni yeye.

Mwenyekiti akasema basi imetosha. Wamemnyang'anya mfuko wa dawa na fulana ya kazi. Palepale. Aliivua juu ya gauni lake, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye benchi.

Nimeandika. Naona aibu hata ya karatasi.

Alhamisi, 3 Oktoba 2013

Nilikwenda Mbarara kumwona Gaju. Nilibeba uji na nguo safi za mama.

Yuko wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Amekuwa mdogo. Maziwa yamekuja, hakuna wa kuyanyonya, amejifunga kifua kwa kitambaa. Nilimfulia nguo uani. Niliporudi akanishika mkono.

"Weye ndiye uliita gari," alisema. "Bila weye ningelikufa. Mungu akuongezee."

Nikamwambia asiongee, apumzike.

Akaendelea. Alisema alimwita yule mama, akamwita tena na tena, hayupo. Alisema hawezi kumsamehe Kantengwa, amejaribu kuomba, maneno hayatoki. Mwanamke hawezi kumuacha mwanamke mwenzake hivyo.

Mimi nilikuwa nakunja nguo. Nilikunja kitenge kilekile mara mbili.

"Alikwenda kutafuta simu, Gaju," nikasema.

"Mtu wa kazi ile anatembeaje na simu mufu?"

Nesi akaja, nikashukuru.

Kutoka hospitali nilikwenda kwa Sowedi, miguu ilinipeleka yenyewe. Aliinama chini ya meza akatoa bahasha. Chipu mpya, zimefungwa bado. "Zako hizi, tangu mwezi wa nane. Vijana walitaka kuuza, nikakataa, nikasema Uwitonze atakuja." Nikalipa. Halafu akauliza, bila ubaya, kama wanavyoulizana mafundi: "Na zile za Hamim? Uliweka?"

"Nilipima moja, ikapata moto. Nikatupa zote."

Akacheka kwa furaha. Akawaambia vijana wake, mnaona, huyu ndiyo fundi. Akaniagizia soda.

Niliinywa yote.

Jumapili, 6 Oktoba 2013

Kanisani mama Kantengwa alikaa karibu na mlango. Benchi lake lilibaki na yeye peke yake. Wanawake waliofika wamechelewa walisimama, hawakukaa.

Alasiri alikuja nyumbani. Nilimwona kutoka mbali anapanda njia polepole, nikataka kujificha nyuma ya nyumba. Kweli nilipiga hatua. Lakini mama alishampokea, akamwekea mkeka, akatuacha tuongee.

Alikaa. Alisifu mabati. Kisha akasema:

"Uwitonze, nimekuja kuomba samahani."

Sikuelewa.

"Nilitaja jina yako mbele ya wazee. Nilisema nilichaji kwako. Nimefikiri siku hizi zote, silali, nafikiri. Labda ilikuwa Alhamisi. Nimezeeka, siku zinachanganyikana. Ulisema hukumbuki na weye uko mutoto wa akili, unakumbuka kila kitu. Ndiyo nimejua ni mimi." Alipangusa uso kwa kitenge. "Nilimuacha Gaju na simu sikuchaji. Na juu ya hiyo nikakuwekea jina mbaya. Unisamehe."

Nami nikasema, "Si kitu, mama. Nimekusamehe."

Nimekusamehe. Mimi. Nimemsamehe.

Aliinuka amepata nafuu kidogo, aliniambia hivyo. Akauliza kama nitamrudishia simu yake ile. Nikasema bado naitazama.

Mama ameniuliza kwa nini sili. Nimesema tumbo.

Jumatatu, 7 Oktoba 2013

Gaju amerudi kutoka hospitali. Watu wamempokea kwa nyimbo za taratibu. Sikuimba, nilifungua mdomo tu.

Nimekaa na simu ya mama Kantengwa. Nilitaka kubadilisha chipu, kuweka mpya ya Sowedi, kumrudishia ikiwa nzima, na mambo yaishe. Nilishaifungua. Bisibisi mkononi.

Kisha nikaona ninachofanya. Nikiitoa hiyo chipu, hakuna tena kitu duniani kinachoweza kusema yule mama hakusema uongo. Ni mimi tu nitakayebaki nikijua, na mimi nimeshaonyesha ninavyofanya na jambo ninalolijua peke yangu.

Nimeifunga jinsi ilivyokuwa.

Jumanne, 8 Oktoba 2013

Asubuhi sikufungua kibanda. Niliweka simu, mita na daftari hili kwenye mkoba, nikaenda kwa mama Kantengwa.

Alikuwa nyuma ya nyumba anapukuchua maharage. Akanisogezea kigoda. Sikukaa, niliogopa nikikaa nitaongea habari za mvua.

Betri ya simu yake nilikuwa nimeichaji jana kibandani, nje ya simu. Niliirudisha betri mbele yake, nikaiwasha: vijiti vyote vimesimama. Nikaunganisha mita, nikamwonyesha jinsi inavyokunywa imelala. Nikampa aishike. Baada ya muda ikaanza kupata joto mkononi mwake.

Nikamwambia. Chipu za Hamim. Sowedi aliniambia nipime moja siku mbili, tatu, sikungoja. Mwezi wa nane nilipima, nikajua. Wewe ulikuja ukaniuliza, nikasema betri imezeeka. Na Ijumaa ile ulichaji, mama. Ilikuwa Ijumaa, si Alhamisi. Ilikuwa imejaa, nilikwambia mwenyewe imejaa. Nilikumbuka. Pale mbele ya wazee nilikumbuka kila kitu.

Mikono yake iliendelea na maharage. Ganda, mbegu, ganda, mbegu. Nilingoja matusi. Nilikuwa nayataka.

Akauliza, "Sijasahau basi?"

"Hujasahau."

Akavuta pumzi ndefu. Nilidhani atalia, hakulia. Uso wake ulikaa wazi kabisa kwa kitambo, kama mtu aliyeshushiwa mzigo. Kisha ukajifunga.

"Ulinikubalia nikuombe samahani," alisema. "Nilipanda ule mlima wote."

Nikatoa mita kwenye simu, nikakunja waya.

Akaendelea na maharage. Halafu mikono ikasimama.

"Na zile zingine?"

"Bado ziko na watu."

"Kampire iko na mimba ya miezi minane. Simu yake nani alitengeneza?"

"Ni mimi."

Alisimama. Maharage yakamwagika kutoka kwenye gauni, hakuyatazama. Akasema kwanza tunakwenda kwa Muhirwa na Gaju, maana hao ndio wenye msiba. Kisha kwa Kampire. Kisha wazee, na nyumba zote. Nikamwambia ninazo mpya, nitabadilisha zote, sitadai kitu. Akasema hajaniuliza habari ya chipu.

Njiani nilitembea nyuma yake.

Sasa tuko kwa Muhirwa. Yaani mimi niko. Mama Kantengwa amekataa kuingia ndani ya ua, amesimama kwenye njia, upande wa pili wa uzio wa miti ya miyenzi. "Ingia weye," alisema. "Mimi sina cha kuwaambia. Nilishawaambia kweli, mbele ya watu bote."

Muhirwa amekwenda kuteka maji bombani, mtu amesema anarudi sasa hivi. Gaju alitoka kunipokea. Anatembea mkono ukutani. Alifurahi kuniona, akaniwekea kiti kivulini, akasema nisiondoke bila chai. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Alipoleta vikombe alimwona aliye nje ya miyenzi. Alisimama na vikombe mkononi. Mama Kantengwa alimwinamia kichwa, salamu. Gaju hakuitikia. Aliniuliza kwa sauti ya chini kwa nini nimekuja na huyu.

Nikasema, "Nitakwambia Muhirwa akifika."

"Sema sasa."

"Ngoja Muhirwa."

Amerudi ndani. Nasikia anapuliza moto. Mama Kantengwa hajasogea, jua limemfikia, hana kitambaa kichwani. Muhirwa anaonekana kule chini, madumu mawili, amesimama kupumzika. Ameniona. Ameinua mkono.

Gaju ananiita. Chai iko tayari, anasema. Vikombe ni vitatu: cha Muhirwa, chake, na changu. Anataka niingie peke yangu, na nifunge mlango.